Barabara Zilizobaki Buzwagi

Fomu ilikuwa na safu sita: namba ya barabara, urefu, upana, hali ya uso, hali ya mitaro na makalavati, na matumizi ya baadaye. Nilikabidhiwa niishike mimi. Wenzangu watatu wanasoma uhandisi wa mazingira na mikono yao ilihitajika kwenye futi kamba na kifaa cha kupimia mteremko. Mimi ninasoma historia. "Mwanahistoria kazi yake si kuandika?" mmoja wao aliuliza, na wote tukacheka. Ilikuwa saa mbili asubuhi, mwezi wa tano, mvua zimeisha na majani bado ni mabichi. Tulikuwa tumesimama ndani ya eneo la uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, kilomita chache kutoka mjini Kahama, kando ya barabara kuu ya lami inayotoka Isaka na kuendelea mpaka mipaka ya Rwanda na Burundi.

Zoezi lilikuwa la darasa lao. Walitakiwa kutembea kwenye barabara na majengo ya mgodi uliofungwa, wapime, kisha wapendekeze kipi kibaki na kipi kirudishiwe udongo na kupandwa majani. Mimi nilidandia safari. Tasnifu yangu ya shahada ya uzamili inahusu mikataba ya madini Tanzania, na kwa zaidi ya mwaka nilikuwa nimeandika kuhusu Buzwagi bila kukanyaga Buzwagi. Niliona aibu kidogo. Pia nilikuwa na mwenyeji. Mjomba wangu, mdogo wake mama, aliendesha dampa katika mgodi huo tangu 2009 hadi shughuli ziliposimama, na sasa ana bajaji mbili mjini. Alikubali kutuzungusha. Alikuja na chupa ya chai na mfuko wa michembe, akatusalimia kwa "Mwangaluka" kama vile tumekwenda kumtembelea nyumbani kwake.

Mtu anayesoma habari za Buzwagi maktabani hukutana kwanza na London. Mkataba wa mgodi huo ulisainiwa huko Februari 2007, na aliyeuweka saini kwa niaba ya serikali ni waziri wa nishati na madini wa wakati ule, Nazir Karamagi. Katikati ya mwaka huo, mbunge kijana wa upinzani, Zitto Kabwe, alisimama bungeni kuhoji kwa nini mkataba wa dhahabu ya Kahama usainiwe Ulaya, tena wakati serikali yenyewe ilikuwa imesema inapitia upya mikataba ya madini. Agosti 2007 Bunge lilimsimamisha. Badala ya kuzima mjadala, adhabu hiyo iliukuza. Novemba mwaka huohuo Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji mstaafu Mark Bomani kuangalia sekta nzima ya madini. Taarifa yake ilitoka 2008, na mwaka 2010 nchi ikapata Sheria mpya ya Madini, ambayo ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4 na kuukokotoa kwa thamani ghafi.

Sura ya kwanza ya tasnifu yangu ilikuwa hiyo. Ilianzia London, ikapita Dodoma bungeni, ikaishia kwenye kitabu cha sheria. Niliipenda. Msimamizi wangu pia aliipenda.

Barabara ya kwanza tuliyopima ilikuwa ile iliyotumiwa na madampa kutoka shimoni kwenda kwenye kinu. Kwa mtu aliyezoea barabara za vijijini, upana wake unashtua. Wahandisi hufundishwa kwamba barabara ya madampa ya kupishana iwe na upana wa angalau mara tatu hadi tatu na nusu ya upana wa gari kubwa kuliko yote litakalopita hapo, na penye mteremko kuwe na tuta la usalama lenye kimo kisichopungua nusu ya kimo cha tairi. Dampa la kubeba tani 90 lina upana wa mita sita hivi. Piga hesabu mwenyewe: unakaribia mita 20 kabla hujaongeza tuta na mtaro. Gari na mzigo wake vikijumlishwa vinapita tani 150, na vinapita hapo usiku na mchana.

Matokeo yake ni ardhi ngumu kama sakafu. Mwenzetu alijaribu kuchomeka chuma cha kupimia ugumu wa udongo, kikagoma. Akanieleza kwa nini barabara ni mojawapo ya vitu vigumu kufunga katika mgodi. Jengo unalibomoa. Mashine unaiuza. Barabara ya madampa huwezi kuiacha tu iote majani, kwa sababu haioti. Maji ya mvua hayazami, yanakimbia juu, yanatafuta mteremko, na baada ya misimu michache unapata korongo. Ili kuifunga lazima katapila lipite na meno marefu ya nyuma, lipasue ule ugumu, ndipo udongo wa juu urudishwe. Ni udongo uleule uliokwanguliwa na kutunzwa pembeni kabla uchimbaji haujaanza. Kisha majani na miti. Ukikosea mpangilio, unapanda mbegu juu ya sakafu.

"Namba ya barabara?" niliuliza, kalamu mkononi.

Mwenye ramani akasema moja.

"Hiyo ni Kariakoo," mjomba akasema.

Tulimgeukia. Akaeleza kwamba sehemu ile, karibu na kinu, madampa yalikuwa yanapanga foleni kusubiri kumwaga, na dereva wa kutoka Dar es Salaam akasema hapa ni kama Kariakoo siku ya Jumamosi. Jina likashika. Kwenye redio za magarini mtu anasema, "Niko Kariakoo," na kila mmoja anajua. Ile ramani yenye namba, alisema, walikuwa nayo mabosi ofisini.

Tukaendelea. Barabara namba tatu, iliyoteremka kuelekea shimoni, wao waliiita Sekenke. Dereva yeyote wa malori wa zamani wa Tanzania anajua sababu: mlima Sekenke, kati ya Singida na Igunga, uliogopwa na kila mwenye lori. Mjomba alitoa jina hilo kama utani wa madereva. Mimi nilisimama kuandika na nikajikuta nacheka peke yangu, kwa sababu katika daftari langu la tasnifu Sekenke iko kwenye ukurasa wa kwanza kabisa. Hapo ndipo Wajerumani walipoanzisha mgodi wa dhahabu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916, wakiwa wamebanwa na vita na kukosa sarafu, waliichukua dhahabu ya Sekenke na kupiga sarafu za rupia 15 huko Tabora, zenye picha ya tembo. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanazigombania. Nilimsimulia mjomba. Akatafuna michembe yake kwanza.

"Kwa hiyo tulikuwa sahihi," akasema. "Ni njia ya dhahabu."

Nikaandika kwenye pambizo ya fomu, kwa herufi ndogo: Kariakoo, Sekenke. Hapakuwa na safu ya majina.

Tulifika mahali ambapo shimo linaonekana. Sitalielezea sana, kwani shimo la mgodi wa wazi halielezeki kwa mtu ambaye hajaliona, na aliyeliona hahitaji maelezo. Kuta zake zimekatwa ngazi ngazi. Chini kuna maji yanayojikusanya. Wakati wa uchimbaji, pampu huyatoa maji mchana na usiku. Pampu zikizimwa, maji ya ardhini na ya mvua hurudi polepole, na shimo huwa ziwa. Wenzangu walizungumza kuhusu ubora wa maji hayo. Mwamba wa dhahabu mara nyingi una madini ya salfa, na salfa ikikutana na hewa na maji hutengeneza tindikali inayoweza kuyeyusha metali. Ndiyo maana marundo ya mwamba taka hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi na udongo wa juu, na ndiyo maana mtaro mmoja uliokatika ni jambo kubwa kuliko unavyoonekana. Mkoa wetu unajua. Novemba 2022 kingo za bwawa la tope za mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani humu Shinyanga, zilibomoka, na tope likafunika mashamba na makazi. Mwadui ulikuwa bado unafanya kazi. Mgodi uliofungwa unabaki na bwawa lake pia, lakini haubaki na watu mia kadhaa wa kulitazama kila siku.

Hapo shimoni ndipo nilipomwambia mjomba kuhusu sura yangu ya pili. Sura hiyo inahusu makinikia. Machi 2017 Rais Magufuli alizuia kusafirisha mchanga wa madini nje ya nchi. Buzwagi na Bulyanhulu ndiyo migodi iliyokuwa ikizalisha makinikia hayo yenye dhahabu, shaba na fedha, na makontena 277 yalikutwa yamekwama Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma iliwasilisha taarifa Ikulu Mei 24, na ya Profesa Nehemiah Osoro Juni 12. Sheria zilibadilishwa mwaka huohuo: mrabaha wa dhahabu ukapanda hadi asilimia 6, na serikali ikajipatia hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikimiliki Buzwagi, ilidaiwa kodi ya dola bilioni 190, kiasi ambacho hata wanafunzi wa hesabu walikirudia mara mbili. Barrick ikaichukua Acacia yote mwaka 2019, ikakubaliana na serikali kulipa dola milioni 300, na ikazaliwa Twiga, kampuni ya ubia yenye mgawo wa asilimia 84 na 16.

Nilieleza hayo yote kwa ufasaha. Nimeyawasilisha kwenye semina mara mbili.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila hasira, kwa ile sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Makontena yalikuwa 277. Na sisi tulikuwa wangapi?"

"Akina nani, Mjomba?"

"Sisi wa Kariakoo. Wa zamu ya usiku. Mama, wewe umeandika habari za mgodi, sasa huko kwenye kitabu chako nani anachimba?"

Sikuwa na jibu. Wenzangu walijifanya wanakunja futi kamba. Nilipitia sura zangu kichwani: waziri, mbunge, jaji, rais, maprofesa wawili, kampuni tatu zilizobadilishana majina. Mtu pekee mwenye tairi katika tasnifu nzima alikuwa dereva wa lori la makontena kwenye picha ya gazeti, na yeye hakutajwa jina.

Kulikuwa na jambo jingine katika swali lake ambalo nililielewa baadaye, tukiwa tunatembea. Mimi nilisimulia historia ya Buzwagi kama historia ya kuibiwa. Kuna hoja nzito za kusema hivyo, na sijaziacha. Mikataba ya mwanzo ya migodi mikubwa ilizipatia halmashauri dola 200,000 tu kwa mwaka, badala ya ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo uliokuwa ukitajwa wakati huo kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa. Mambo kama hayo yanastahili kuandikwa tena na tena. Lakini mjomba alijenga nyumba kwa mshahara wa dampa. Alisomesha watoto wanne, na mwaka mmoja alinilipia mimi ada ya kidato cha tano. Ukisoma sura zangu mbili, ama yeye alishiriki wizi, ama hakuwepo. Yeye hakubali lolote kati ya hayo.

Baada ya chai tuligeukia vitu vilivyobaki. Mgodi wa kisasa ukifungwa huacha mali ambayo mtu mwingine anaweza kuitumia: uwanja wa ndege, majengo ya ofisi, njia ya umeme, bwawa la maji, barabara. Sheria ya Madini ya 2010 na kanuni zake zinamtaka mwenye leseni kubwa awe na mpango wa kufunga mgodi na aweke dhamana ya fedha za ukarabati, ili gharama isibaki kwa wananchi. Hatukuwa na desturi hiyo kila wakati. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 enzi za Waingereza, ulisimama mwaka 1966, na kwa zaidi ya miaka 30 mpaka mgodi mpya ulipoanza, walioendelea kulifahamu eneo lile ni wachimbaji wadogo na miti. Tulawaka huko Biharamulo, uliozalisha tangu 2005, haukufungwa kabisa: mwaka 2013 ulikabidhiwa kwa shirika la umma, STAMICO, ukaendelea kwa jina jingine. Golden Pride wa Nzega, mgodi mkubwa wa kwanza wa zama hizi, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ulipokoma katika muongo uliopita majengo yake yaliingia mikononi mwa elimu ya madini.

Buzwagi ilisimamisha uzalishaji mwaka 2021, ambao pia ndio mwaka Kahama ilipopandishwa hadhi kuwa manispaa. Mji ulikua, mgodi ukaondoka. Mpango ulikuwa eneo ligeuke kuwa Eneo Maalumu la Kiuchumi, lenye viwanda na maghala. Uwanja wa ndege ulibaki kuhudumia Kahama. Sehemu ya majengo ikawa chuo cha kampuni cha kufundishia wasimamizi wa migodi mingine. Mtu anayetaka kujenga kiwanda anapewa kitu adimu vijijini: ardhi iliyosawazishwa, umeme karibu, lami mlangoni, na reli ya Isaka, kwenye njia ya Mwanza iliyokamilika 1928, isiyo mbali.

Hapo ndipo safu ya sita ya fomu, matumizi ya baadaye, inapokuwa na uzito. Kwa kila barabara mtu anaamua mojawapo kati ya mambo mawili. Akiandika "ibaki", kuna mtu atapaswa kuitunza: kuzibua makalavati kila kabla ya mvua, kupitisha greda, kumwaga changarawe. Akiandika "ifungwe", meno ya katapila yanakuja, na baada ya miaka 20 hakuna atakayejua kwamba gari lilipita. Wenzangu waliamua kwa vigezo vizuri. Barabara ya kwenda uwanja wa ndege, ibaki. Barabara za kufikia visima vya kupimia maji na kuta za bwawa la tope, zibaki, kwani ukaguzi unaendelea miaka mingi. Kariakoo, ibaki kwa sehemu, ipunguzwe upana hadi mita nane. Upana wa dampa hauhitajiki kwa Fuso. Sekenke, ifungwe.

Niliandika "ifungwe" na kumtazama mjomba. Akatikisa kichwa kukubali. "Hakuna anayeteremka tena," alisema.

Jioni ilipokaribia tulibakiwa na barabara ya pembezoni, inayokwenda sambamba na mpaka wa eneo. Ni nyembamba, ya changarawe, na mitaro yake ilikuwa imeziba majani. Tulipokuwa tunahesabu makalavati, niliona upande wa nje njia ya miguu. Ilitoka moja kwa moja kwenye nyumba za upande wa Mwendakulima, ikaja hadi karibu nasi kama mstari uliopigwa kwa rula, kisha ikapinda ghafla na kuufuata mpaka. Mvulana alikuwa anapita na ng'ombe kama kumi na mbili. Nyuma yake alikuja mama mwenye furushi la mpunga kichwani.

Mwendakulima ni jina la kata. Kwa sikio la Kiswahili linasema lenyewe: aliyekwenda kulima.

"Hii njia inaelekea wapi?" niliuliza.

"Sasa hivi inazunguka," mjomba akajibu. "Zamani ilinyooka."

Alinyoosha mkono kuelekea ndani ya eneo, kwenye kilima cha mwamba taka kilichofunikwa majani. Huko, alisema, kulikuwa na majaruba. Si yao; bibi yangu alikuwa akienda kuvuna kwa kibarua na kulipwa mpunga, naye akiwa mtoto alimfuata akibeba kibuyu cha maji. Njia ilipita palepale ilipo barabara ya pembezoni, ikaendelea moja kwa moja. Mwaka 2009 alipopata kazi, kati ya maeneo ya kwanza aliyopangiwa kumwaga mawe ni pale. Usiku, taa za dampa zikimulika mbele, alikuwa akijua bila kuambiwa kwamba amefika penye ule mti wa mkwaju, ingawa mkwaju haukuwepo tena.

"Nimepita hapo kwa miguu," alisema, "na nimepita hapo na tani 90. Ni mimi yuleyule."

Nilifungua fomu mstari mpya. Mwenzetu mwenye ramani akaniona. "Hiyo usiiandike," alisema. "Si barabara ya mgodi. Iko nje ya mpaka, na fomu ni ya miundombinu ya mgodi."

Alikuwa na haki. Nilimwambia hivyo, kisha nikaeleza nilichokuwa nafikiria. Mtu akija miaka 30 ijayo kutafuta habari za mahali hapa, atakuta fomu kama hii. Mimi mwenyewe ninaishi kwa makaratasi ya namna hii: orodha za barabara za kikoloni, ripoti za wakaguzi wa migodi, ramani zenye namba. Nimewahi kulalamika mara ngapi kwamba ofisa fulani wa mwaka 1938 alipita kijijini na kuandika tu upana wa daraja? Leo nimeshika kalamu yake. Halafu kuna hoja ya kihandisi pia, niliyoitoa nikiwa sina uhakika kama ni yangu kuitoa. Eneo likiwa na viwanda na uzio wa kudumu, watu hawa na ng'ombe wao wataendelea kuzunguka. Wakizidi, wataukanyaga mtaro wa pembezoni. Je, pendekezo la matumizi ya baadaye haliwezi kufikiria mahali pa kuvukia?

Alinyamaza kwa muda, akitazama ile kona. Kisha akainama, akapima kingo ya mtaro pale ng'ombe walipopita. Kweli ilikuwa imeanza kulegea.

"Iandike kwenye maoni," akasema. "Mapendekezo ya vivuko nitayaandika mimi. Lakini namba sitaipa."

Tuliandika hivi. Namba: hakuna. Urefu: sehemu tuliyoitembea ilituchukua dakika 25, kwa mwendo wa ng'ombe. Upana: hatua moja, na mbili penye kivuli watu wanaposimama kusalimiana. Hali ya uso: ngumu, safi, haina shimo. Mitaro na makalavati: hakuna, wala maji hayatuami. Kwenye matumizi ya baadaye nilisita, mjomba akanisomea imla: "Yaleyale."

Sura yangu ya kwanza bado inaanzia London, kwa sababu mkataba ulisainiwa huko na hilo haliwezi kuhamishwa. Nimeongeza sura ya tatu, na msimamizi ameniuliza ushahidi wake uko wapi. Nimempelekea orodha ya madereva, waendesha greda na wapishi wa kantini niliokwisha kuzungumza nao Kahama, Isaka na Mwime. Wa kwanza kwenye orodha ni mjomba. Kila mahojiano ninaanza na kalamu na karatasi tupu, ninamwomba mtu anichoree barabara za mgodi anavyozikumbuka. Hakuna hata mmoja aliyeandika namba. Wote wanaandika Kariakoo, ingawa hawakubaliani ni dereva gani alianza kuiita hivyo. Mpishi mmoja anashikilia kwamba jina lilitoka kantini kwanza, kwenye foleni ya chakula.

Fomu ya asili wanayo wenzangu. Kabla hawajaikusanya, niliomba dakika kumi, nikachukua rula na kuchora safu ya saba upande wa kulia, palipobaki nafasi. Juu yake niliandika "Jina". Nikampa mjomba kalamu, akajaza taratibu kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kusaini tu kitabu cha zamu. Alipofika kwenye mstari wa mwisho, wa ile isiyo na namba, nilimuuliza waliiitaje.

"Tuliiita njia," akasema. Akafikiri kidogo, akaandika: njia ya shambani.